Mtafutieni familia mtoto mkubwa: barua ya wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii

Ndugu Kamishna,

Naandika kuomba familia kwa ajili ya binti wa miaka 12.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na kwa kibali cha ofisi ya ustawi wa jamii ni mlezi wake wa kambo tangu alipokuwa darasa la tatu. Jina lake silitaji, wala wilaya yetu, kwa kuwa mtaa wetu ni mdogo na yeye mwenyewe huyasoma magazeti yanayoingia humu ndani kabla yangu. Aliyotendewa kabla hajafika kwangu nayo siyaandiki. Hayo ni yake. Akikua na kutaka kuyasema, atayasema kwa kinywa chake.

Umri wangu umekwenda. Presha haitulii, na yako mambo ya malezi ambayo mwili wangu hauyawezi tena. Malezi ya kambo nayo yana ukomo: mtoto akitimiza miaka 18, kibali kilichomleta kwangu kinakuwa kimemaliza kazi yake, na huenda nami nikawa nimeshaondoka. Siku ya kuja washenga, ni nani atakayewapokea? Akijifungua, atakwenda kupumzika kwa nani? Akipatwa na msiba, turubai litafungwa kwenye uwanja wa nani? Sisi tuliozaliwa ndani ya koo zetu hatujiulizi maswali haya hata mara moja. Binti huyu ameshaniuliza yote, moja baada ya jingine, akiwa anaosha vyombo.

Ndiyo sababu naomba aasiliwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto aliyeasiliwa hadhi ya mtoto wa kuzaa, hadi kwenye mirathi. Malezi yangu hayawezi kumpa hilo, hata nikimpenda namna gani.

Kila ninapouliza ofisini, jibu ninalopata ni kwamba waombaji wapo, lakini wanataka mtoto mchanga. Nawaelewa waombaji hao. Wengi wamekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, wamechoka na maneno ya mawifi, na wapo ambao wangependa hata majirani waamini kuwa wamezaa. Mtoto wa miaka 12 hafichiki. Anakuja na jina lake, kabila lake, marafiki aliowaacha na kumbukumbu zake. Lakini angalia, Ndugu Kamishna, jinsi shughuli yenyewe inavyokwenda: mtu mzima anaomba, anataja umri na jinsia anayoitaka, kisha tunatazama kwenye makao ya watoto kama yupo anayefanana na ombi lake. Hapo mzazi ndiye anayetafutiwa mtoto. Kwa utaratibu huo mtoto mkubwa hatafikiwa kamwe, kwa sababu hayumo kwenye ombi la mtu yeyote.

Kabla hajaletwa kwangu, binti huyu aliwahi kuchukuliwa na wanandoa waliokusudia kumwasili. Walikuwa watu wema, na nalisema hilo kwa moyo mweupe. Walimwandalia chumba, wakamwandikisha shule, wakamnunulia baiskeli. Walichopewa kuhusu yeye kilikuwa karatasi moja: jina, umri wa kukadiria, tarehe aliyopokelewa makaoni, na sentensi isemayo kwamba ni mtoto mtulivu anayependa masomo. Baada ya miezi michache walimrudisha. Walikuwa wamekuta chakula kilichooza kabatini, wamesikia kwa majirani kwamba eti wanamlaza na njaa, na mwisho amepasua televisheni siku moja tu baada ya sikukuu ambayo walidhani imewaunganisha. Waliondoka wakiamini wamemshindwa. Yeye alibaki akiamini kuwa ni yeye aliyewashinda. Alipofika kwangu, kwa muda mrefu hakutaka kufungua begi lake na kupanga nguo kwenye sanduku nililompa. Alilala amevaa viatu.

Sasa nieleze mambo ambayo karatasi ile ingepaswa kuyasema, maana wapo watoto wengi wenye mwenendo wa namna hii na watu wanaotaka kuwachukua wana haki ya kuujua.

Binti alificha ugali. Niliukuta chini ya godoro ukiwa na ukungu, nikaukuta kwenye begi la shule, nikaukuta kwenye mfuko wa sweta. Mtoto aliyewahi kulala na njaa kwa siku nyingi, tena kwa sababu mkubwa fulani aliamua hivyo, haamini sufuria la leo kwamba litarudi kesho. Nilimpa kopo lenye kifuniko nikamwambia hili ni lako, halitakosa maandazi wala karanga, na hakuna mtu humu ndani atakayelifungua. Maneno yale nimeyatimiza. Siku hizi kopo hupita wiki nzima bila kuguswa, na chini ya godoro hakuna kitu.

Jambo linaloshinda watu wengi ni lile la kuharibu mambo yakiwa mazuri. Sikukuu imepita vyema, amevaa gauni jipya, wageni wamemsifu. Kesho yake atavunja sahani, atamtukana jirani, atachukua fedha ya gesi na kuiweka mahali nitakapoiona. Shuleni tabia hii huitwa ukaidi na dawa yake huwa fimbo. Mimi naiona hivi: mtoto ambaye kila nyumba nzuri ilimtoa nje anashindwa kuvumilia kungoja siku ya kutolewa, kwa hiyo anaileta mwenyewe. Ukimtoa, umethibitisha alichokuwa anakiamini. Ukimpiga, umethibitisha kingine. Kinachomshangaza ni kukuta asubuhi chai iko mezani kama jana, na kazi ya kufagia vipande vya sahani ikiwa inamngoja, bila hotuba.

Liko na jingine ambalo wageni hulifurahia. Zamani zile alimkumbatia mtu yeyote na kumwita mama siku ya kwanza. Waombaji waliofika makaoni waliliona hilo wakasema mtoto ana upendo. Kwa kweli alikuwa hajajua kumtofautisha mlezi na mpita njia, na mtoto wa hivyo huweza kuongozana na mtu yeyote barabarani. Nilijua tunaanza kusogea siku alipokataa kumsalimia mgeni kwa mkono, akajificha nyuma yangu.

Haya si mambo ya binti mmoja. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto walipitia ukatili wa kimwili. Kwa hiyo anayeogopa kumchukua mtoto mwenye kiwewe akumbuke kuwa watoto kama huyo ameshakaa nao kwenye daladala, amewafundisha katekisimu, na pengine anaye mmoja nyumbani mwake ambaye hajawahi kuulizwa. Makao nayo hayaponyi yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, waliofanya kazi na watoto wa makaoni hapa nchini, walichapisha mwaka 2014 matokeo yaliyoonyesha kwamba walioingia makaoni wakiwa wadogo sana walikuwa wamepata ukatili mwingi zaidi na matatizo mengi zaidi ya afya ya akili kuliko walioingia wakiwa wakubwa. Kuandika kwenye faili kwamba mtoto "amekulia makaoni" na kuishia hapo ni kuficha nusu ya habari.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia hata kwa watu wasomi. Husema mtoto akishapita umri fulani ubongo umeshajengeka, basi. Hoja hii hutegemea utafiti maarufu wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000 na kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Nusu walipelekwa kwa kura kwenye familia za malezi, na ni kweli waliohama kabla ya kufikisha takriban miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Watu wameishia kwenye habari hiyo. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba waliopata familia walikuwa na huzuni na wasiwasi kidogo kuliko wenzao waliobaki kwenye taasisi. Kuchelewa kuna gharama, nami naiona kila siku kwenye hesabu za kuzidisha na kwenye usingizi wa binti huyu. Kwa hiyo gharama hiyo itufanye tuharakishe. Badala yake imegeuzwa kuwa sababu ya kutofanya kitu, na hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Sasa ombi langu kwako.

La kwanza, mtafuteni mzazi kwa kuanzia kwa mtoto. Marekani kuna mpango uitwao Wendy's Wonderful Kids, unaowatafutia familia watoto ambao wengine wameshawakatia tamaa. Mtafutaji hupewa watoto wachache tu. Husoma faili lote tangu mwanzo, humjua mtoto, kisha hufuatilia kila mtu mzima aliyewahi kupita kwenye maisha yake: shangazi aliyepotea, mwalimu, kocha, jirani wa zamani. Taasisi ya utafiti ya Child Trends ilitoa tathmini yake mwaka 2011: watoto waliohudumiwa hivyo walikuwa na uwezekano wa kuasiliwa mara 1.7 ya wenzao, na kwa wakubwa pamoja na wenye matatizo ya afya ya akili uwezekano ulifika hadi mara tatu. Hatuna fedha za Marekani. Lakini hilo la kusoma faili na kuuliza "huyu mtoto anamjua nani?" linahitaji afisa mwenye muda kuliko linavyohitaji fedha, na kila kata ina watu wanaoweza kumsaidia, kuanzia mwenyekiti wa mtaa hadi kamati za MTAKUWWA, yaani za mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Nakupa mfano ulio mbele ya macho yangu. Mwalimu wa darasa la nne wa binti huyu alihamishiwa mkoa mwingine. Tangu ahame hupiga simu Jumapili jioni kumsalimia, na ndiye mtu pekee ambaye binti humsimulia alama zake mbaya. Hajaolewa, ana miaka 36. Nilipomuuliza kama amewahi kufikiria kuasili, alinyamaza kidogo, kisha akasema alidhani hayo ni mambo ya wazungu na matajiri. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba sheria inamruhusu mwanamke Mtanzania kuomba akiwa peke yake, wala kwamba masharti ya umri ni kuwa na miaka 25 na kumzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Hayo anayo na zaidi. Huenda atakubali, huenda hatakubali. Huo ni uamuzi mzito na simharakishi. Lakini mtu wa namna hii hayumo kwenye orodha ya waombaji ya ofisi yoyote, na hatakuwemo mpaka mtu amfuate alipo.

La pili, semeni ukweli. Familia inayotaka kumwasili mtoto mkubwa iambiwe yote yanayojulikana: alikotoka, nyumba alizopitia, kinachomtisha, kinachomtuliza, alivyo shuleni, alivyo usiku. Iambiwe na walezi waliokaa naye, ana kwa ana, na si kwa karatasi ya sentensi moja. Wengine watarudi nyuma baada ya kusikia. Warudi. Ni afadhali waondoke siku ile, mtoto akiwa hajawaona, kuliko kuondoka baada ya kumnunulia baiskeli. Na mtoto naye asikilizwe kwanza, kama sheria inavyotaka kwa mtoto anayeweza kujieleza, tena aulizwe na mtu anayemwamini, mahali asipomwona mwombaji amekaa mlangoni.

La tatu ni mwendo. Binti huyu alitolewa makaoni asubuhi moja na kulala nyumba ngeni usiku uleule. Mtoto mkubwa anahitaji kumjua mtu kidogokidogo: aje amsalimie, aje tena, washinde pamoja Jumamosi, alale siku mbili arudi, aende likizo nzima arudi tena. Na mlezi wa zamani asikatwe. Wapo maafisa wanaoamini kwamba mtoto akiendelea kumpigia simu mlezi wake wa kwanza hatashikamana na wazazi wapya. Mimi nimefundisha watoto wa wahamiaji, wa wavuvi na wa wanajeshi, na nimeona kwamba aliyeruhusiwa kuaga vizuri ndiye anayetulia upesi.

La nne ndilo linalohitaji nguvu zaidi za serikali: kuwa pamoja na familia baada ya Mahakama Kuu kutoa amri. Kwa sasa amri ikishatoka, shughuli inahesabiwa imekamilika. Kwa mtoto mwenye kiwewe, hapo ndipo inapoanza, kwa sababu sasa anaamini huenda kweli atabaki, na kuamini huko kunamtisha. Tunayo namba 116 ambayo mtoto anaweza kupiga bila malipo. Mlezi anayekaa sebuleni saa nane za usiku akisikia mtoto anapiga kelele ndotoni naye anahitaji sauti ya mtu anayejua la kufanya. Anahitaji pia mshauri wa kumpeleka mtoto bila aibu. Huku kwetu ukitamka tu kwamba mtoto aonwe kwa mambo ya akili, jirani anasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Na hapa siombi lisilowezekana. Huko Moshi, na ng'ambo ya mpaka huko Bungoma, Kenya, umefanyika utafiti mkubwa wa tiba ya kiwewe kwa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Ulihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, mijini na vijijini. Waliotoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kwa kazi hiyo, wasio na taaluma yoyote ya afya ya akili hapo kabla. Watoto walikutana kwa vikundi, wakaonwa pia mmojammoja, na walezi wao walishirikishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika sehemu tatu kati ya nne, tiba ilipomalizika, waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu kubwa ya dalili za kiwewe kuliko waliopata huduma za kawaida. Nimeyarudia matokeo hayo mara nyingi. Umri wa binti yangu umo humo. Watanzania wenzetu wasio madaktari waliweza, ndani ya mkoa wa Kilimanjaro, na ujuzi huo haujafika kwenye halmashauri yangu. Naomba ufikishwe, na walezi wa kambo pamoja na wazazi walioasili wawe wa kwanza kufundishwa.

Neno moja kwa viongozi wa dini, kwa ruhusa yako. Kwa ndugu zangu Waislamu najua lilipo zito: nasaba haibadilishwi, na mtoto huitwa kwa jina la baba yake. Zanzibar walilitazama hilo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 ikaiweka kafala ndani ya sheria, ambapo mtoto hulelewa kikamilifu bila kuondolewa kwenye nasaba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unaitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20. Naomba wizara ikae na masheikh wa Bara na kuwaeleza waumini njia iliyo wazi kwao, ili familia za Kiislamu zenye nafasi zisikae pembeni kwa kudhani hazina mlango. Kwa makanisa yetu, naomba mahubiri kuhusu yatima yaongezewe tangazo: ofisi iko wapi, nani wa kumuona, na kwamba watoto wanaongoja familia wana miaka 8, 10, 13. Tunapeleka mchele na sabuni makaoni kila Pasaka, na hilo ni jema. Watoto wale wanatuona tukiingia na wanatuona tukiondoka.

Nimeambiwa na watu wenye nia njema kwamba nimwache binti hapa alipo, kwamba amezoea, kwamba nisimsumbue na habari ya kuhama tena. Nimelipima neno hilo sana. Kama ningekuwa na miaka 45 ningeomba kumwasili mimi mwenyewe kesho. Kumwacha kwangu mpaka nife ni kumwandalia kufiwa kwingine, akiwa kidato cha tatu au cha nne, na safari hiyo bila mtu. Nataka awapate watu wake wakati mimi nipo, niweze kuwaonyesha kopo lile, kuwaambia kwamba mlio wa mkanda unapovutwa kwenye suruali humfanya aishiwe nguvu, na kwamba akisema "sijali" maana yake amejali mno. Nataka wanipigie simu usiku, nami niipokee.

Ndugu Kamishna, binti huyu anafanya mtihani wa darasa la saba mwakani. Baada ya hapo kuna sekondari, pengine ya bweni, na mtoto wa bweni asiye na nyumba ya kurudi likizo ni mtoto aliyerudi makaoni kwa njia nyingine. Naomba kabla ya hapo ofisi yako itoe mwongozo kwa maafisa wa halmashauri zote: kila mtoto wa zaidi ya miaka sita asiye na familia aandikiwe mpango wake wa kutafutiwa watu, kwa jina lake, ukianzia kwa wale wanaomjua.

Na wewe msomaji, kama umefikisha umri, una nyumba yenye amani na moyo usiochoka upesi, nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wiki hii. Usiulize kama kuna mtoto mchanga. Uliza kuhusu watoto wakubwa, kisha omba kuambiwa ukweli wote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mlezi wa kambo